Vituo 16 bondeni na ndege walewale watatu: tulikosea wapi?

"Mwezi ujao tunapanga kusafiri kwa gari siku mbili tukifuata bonde la mto, umbali wa kilomita 180 hivi, kwa ajili ya kutazama ndege. Tutakuwa watatu: mimi, mume wangu na baba yangu, ambaye ana miaka 74 na magoti yake hayamruhusu kutembea mwendo mrefu. Nimekusanya kwenye ramani vituo 16 vinavyosifiwa na watazamaji wengine, na kila kituo nimekipa dakika 15. Hata hivyo, safari ya mwaka jana tuliipanga hivyohivyo na tukaishia kuona yangeyange, mnandi, na mdiria mmoja aliyepita mbio juu ya maji. Kila tulipofungua milango ya gari, ndege waliruka. Je, tulichagua vituo vibaya? Tuongeze vingine? Na je, ni lazima tununue darubini kubwa ya kusimamisha kwa miguu mitatu?"

Ndugu yangu, umeuliza maswali matatu, lakini nikiyasoma pamoja naona hofu moja: kwamba mtamaliza siku mbili na mafuta ya kilomita 180 mkarudi na ndege walewale watatu, na mzee amechoka bure. Nikutoe wasiwasi kwanza. Kwa maelezo yako, sidhani kwamba vituo vya mwaka jana vilikuwa vibaya. Naona zaidi kwamba hamkuvipa muda, kwamba huenda mlivifikia saa isiyofaa, na kwamba mlivifikia kwa kishindo. Kwa hiyo ushauri wangu ni kupunguza wala si kuongeza: vituo sita kwa siku zote mbili, vilivyochaguliwa kwa kuusoma mto wenyewe, na vingi vyao viwe mahali ambapo mnaweza kutazama mkiwa ndani ya gari.

Hesabu yenyewe haikupunguzii kitu. Vituo 16 kwa dakika 15 ni saa nne za kutazama, na vituo sita kwa dakika 40 ni saa nne zilezile. Kinachobadilika ni ubora wa dakika hizo. Gari linapoingia mahali na watu kushuka, ndege wadogo wa matetini na vichakani hunyamaza na kujibanza, wale wa kwenye matope huhamia ng'ambo, na wanaobaki wazi ni wale wakubwa waliokwisha kuwazoea watu. Yangeyange na mnandi ni wa kundi hilo. Hali huanza kurudi kama ilivyokuwa baada ya robo saa hivi, yaani wakati uleule ambapo ratiba yako ilikuwa inawataka muwashe gari. Kwa maneno mengine, katika kila kituo mlitazama sehemu iliyo duni kuliko zote, kisha mkaenda kuirudia kwingine. Hata yule mdiria angewapa nafasi nyingine, kwa sababu mdiria huwa na kipande cha mto anachokilinda na matawi machache anayopenda kutua. Anayepita mbio mara moja atapita tena, na mtu aliyetulia atamwona ametua, kichwa kimeinama, akipima maji kabla ya kujitosa.

Kuhusu alama za kwenye ramani, watu wengi huzisoma visivyo. Idadi ya aina za ndege zilizoripotiwa mahali fulani inategemea sana idadi ya watu waliofika hapo na saa walizokaa, kwa hiyo sehemu iliyo karibu na hoteli au penye maegesho mazuri huonekana tajiri kuliko kona ya mto isiyofikiwa na mtu. Isitoshe, orodha ya aina 200 huwa imejengwa kwa miaka na kwa majira yote. Haimaanishi kwamba aina 200 zitakuwapo asubuhi utakayofika wewe. Usizitupe alama hizo, kwani zinakuonyesha mahali ambapo gari linaweza kusimama kwa usalama, na hilo si jambo dogo. Ila usiziache zikuchagulie vituo.

Cha kukuchagulia vituo ni umbo la mto. Fungua picha za setilaiti za njia yenu na utafute kwanza kona. Maji yanapoingia kwenye kona, yale ya upande wa nje hukimbia kwa nguvu zaidi na kuula ukingo, hata ukabaki ukuta wa udongo uliosimama wima. Yale ya upande wa ndani hupunguza mwendo, na kwa kuwa maji ya polepole hayawezi kubeba mchanga wote, huutua hapo na kujenga fungu lenye mteremko wa taratibu. Kona moja, basi, ina makazi mawili yasiyofanana yanayotazamana. Ukutani huchimba keremkerem, mbayuwayu wa kingo za mito na aina nyingi za mdiria, kwa sababu ukuta wima ni mgumu kwa nyoka, kenge na nguchiro kuupanda. Bondeni Luangwa nchini Zambia, keremkerem wekundu huchimba matundu kwa mamia katika kingo za namna hiyo kuelekea mwisho wa kiangazi, kabla mvua hazijajaza mto. Ukuta wa aina hii unahitaji kuliwa upya na mafuriko kila baada ya muda. Usipoliwa hulegea, huota nyasi na kuwa mteremko wa kawaida. Ndiyo maana sehemu ambazo kingo zimejengewa mawe au zege huwa hazina ndege wa matundu hata kama maji yake ni safi.

Fungu la mchanga la upande wa ndani lina utajiri wa aina nyingine. Kwa kuwa linashuka kidogokidogo kuingia majini, linatoa vina vingi kwa pamoja: matope yenye unyevu tu, maji ya kufunika ukucha, maji ya kufika goti la ndege mdogo, kisha maji marefu zaidi. Kila ndege hula pale urefu wa miguu na mdomo wake unapomruhusu. Vitwitwi wenye miguu mifupi hukimbiakimbia kwenye ukanda wa unyevu, wenye miguu mirefu husimama hatua kadhaa mbele yao, na korongo husimama mbele zaidi. Ukitazama fungu kama hilo polepole, kutoka mchangani kuelekea majini, utaona mpangilio huo waziwazi, na utawakuta ndege ambao ulikuwa unawaruka kwa sababu jicho lilikimbilia mkubwa kuliko wote.

Kutokana na hayo linakuja jambo moja ambalo watu wachache huliwaza: ni upande gani wa kona wa kusimama. Barabara ikiwa juu ya ukingo wa nje, mtakuwa mmesimama juu ya matundu bila kuona hata moja, na pengine juu ya udongo uliolika chini kwa chini, ambao unaweza kumeguka. Mkisimama upande wa ndani, mtakuwa na mchanga mbele yenu na ukuta wenye matundu ng'ambo ukiwatazama. Kwa hiyo, katika kona mbili zinazofanana kwenye ramani, chagua ile ambayo barabara inapita upande wake wa ndani.

Baada ya kona, tafuta mahali ambapo tawimto linaingia katika mto mkuu. Hapo maji ya rangi mbili hukutana, mara nyingi kwa mstari unaoonekana kwa macho, na ndege wanaokula samaki huwinda kwenye mstari huo. Tafuta pia vidimbwi vyenye umbo la mwezi mwandamo vilivyoachwa mto ulipohama njia yake ya zamani. Maji yake yametulia, yungiyungi huota, na penye yungiyungi katika nchi za joto kuna yule ndege mwenye vidole virefu mno anayetembea juu ya majani bila kuzama. Vinamasi vya matete navyo vinastahili subira, kwa sababu baadhi ya ndege wake hawapatikani penginepo: kwera wa Kilombero, aliyetambulishwa kisayansi mwaka 1990 tu, anajulikana kutoka uwanda wa mafuriko wa Mto Kilombero nchini Tanzania pekee. Mahali ambapo mto ni mpana, umenyooka na unapendeza kwa picha mara nyingi ndipo penye ndege wachache, kwa kuwa kina ni kimoja, ukingo ni mmoja, na hakuna pa kujificha wala pa kutua. Nadhani vituo kadhaa kati ya vile 16 ni vya namna hiyo. Vipunguze hivyo kwanza.

Halafu usidhani kwamba ni lazima kila kituo kiwe majini. Ndege wengi wa bondeni ni wa miti na vichaka vinavyofuata mto, na sehemu nzuri ni pale kibonde cha pembeni chenye miti kinapoufikia mto. Kituo kimoja kati ya sita kiwe cha aina hiyo.

Kina cha maji hubadilisha yote niliyoyasema. Mto ukijaa, mafungu ya mchanga hufunikwa na vitwitwi huondoka. Maji yakichafuka kwa tope baada ya mvua, ndege wanaovizia samaki kwa macho huhamia kwenye vidimbwi vilivyotulia. Mkikuta hali hiyo, badilisheni mpango palepale, badala ya kusubiri penye maji ya kahawia yanayokwenda kasi.

Sasa nije kwenye saa, ambayo kwa maoni yangu iliwaponza kuliko mahali. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni Mto Platte, katika jimbo la Nebraska nchini Marekani, ambako korongo hukusanyika kwa mamia ya maelfu kati ya Februari na Aprili wakielekea kaskazini. Usiku hulala wakiwa wamesimama katika maji mafupi katikati ya mto, mahali ambapo adui hawezi kuwafikia bila kusikika. Alfajiri huruka, na mchana kutwa huwa mashambani wakiokota nafaka iliyobaki. Mtu atakayefika mtoni saa sita mchana atakuta mafungu matupu na kuapa kwamba ameelekezwa vibaya, ilhali kituo ni kilekile. Mito mingi ina ratiba ya namna hiyo kwa kiwango kidogo: yangeyange na mnandi hurudi kwenye miti ya kulala jioni, na mbayuwayu hushuka matetini jua linapozama.

Kwa hiyo pangeni kila siku vituo viwili vya maana kati ya mapambazuko na saa tatu baada ya jua kuchomoza, na kimoja katika saa mbili za mwisho za mchana. Katikati endesheni gari, kuleni, mzee apumzike. Adhuhuri ni wakati wa ndege wa hewani: miteremko ya bonde ikishapata joto, hewa hupanda, na tai na mwewe huitumia kuzunguka juu bila kupiga mabawa. Simameni mahali palipo wazi, mkae kivulini, mtazame ukingo wa vilima badala ya maji.

Mabonde yana tabia nyingine ambayo huwashangaza wageni. Usiku hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka kutoka vilimani na kujikusanya chini, ndiyo maana alfajiri mto huweza kufunikwa na ukungu wakati vilima viko wazi. Mkiamka mapema na kuteremka moja kwa moja hadi majini, mnaweza kukaa saa nzima bila kuona zaidi ya mita 20. Anzeni basi kwenye kituo kilicho juu kidogo, hasa kwenye mteremko ulio upande wa magharibi wa bonde, kwa sababu huo ndio unaotazama mashariki na kupata jua kwanza. Wadudu hupata joto hapo mapema, na ndege huwafuata. Ukungu ukiinuka, teremkeni.

Jua lenyewe liwe mgongoni mwenu. Ndege aliye kati yako na jua ni umbo jeusi tu, hata uwe na darubini ya thamani gani. Barabara ikipita mashariki mwa mto, asubuhi mtatazama magharibi ng'ambo ya maji na kila kitu kitakuwa kimeangazwa. Jioni mtahitaji kuwa upande wa pili. Kama kuna daraja njiani, siku ya kwanza mnaweza kufuata ukingo mmoja na siku ya pili kurudi kwa mwingine.

Na hao wanaoruka mnapofungua milango? Ndege wengi wa karibu na barabara wameyazoea magari yanayopita, na hata gari lililosimama haliwaogopeshi sana. Kinachowaogopesha ni umbo la mtu linalosimama ghafla, pamoja na mlango unaobamizwa. Hivyo hali ya magoti ya baba yako, ambayo naona umeiandika kama kikwazo, inaelekea upande wa faida, kwa sababu gari ndilo maficho bora mtakayokuwa nayo. Punguzeni mwendo mapema, simameni taratibu, zimeni injini ili ule mtetemo usiingie kwenye darubini, teremsheni vioo na mkae kimya. Mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa maharagwe makavu au mchanga, ukiwekwa juu ya kioo kilichoteremshwa nusu, huituliza darubini vizuri sana, na mikono ya mzee haitachoka. Mwelekeo wa safari nao una maana: endesheni upande ambao mto uko pembeni mwa njia yenu, si ng'ambo ya magari yanayokuja. Mzee akae dirisha la upande huo, naye ataona bila kushuka na bila mtu kuvuka barabara.

Hapa niseme jambo la usalama bila kulizungushia maneno. Anayeendesha hatazami ndege. Akiona kitu, atafute mahali pa kuegesha nje kabisa ya barabara ndipo ageuze kichwa. Msisimame juu ya daraja hata kama mandhari yake ni ya kupendeza. Egesheni mbele yake, na mrudi kwa miguu tu kama kuna njia ya waenda kwa miguu. Katika nchi kadhaa madaraja na mabwawa hulindwa, na kupiga picha hapo kunaweza kuwaletea matatizo, kwa hiyo ulizeni kwanza. Chini ya mabwawa kwa kweli kuna ndege wengi: katika Mto Mississippi, tai wenye vichwa vyeupe hujikusanya chini ya mabwawa wakati wa baridi, kwa kuwa maji yanayochafuka hapo hayagandi na samaki waliojeruhiwa wakipita kwenye bwawa ni rahisi kuwakamata. Lakini maji yanaweza kufunguliwa na kupanda ghafla chini ya anga safi lisilo na wingu, na mto wenye mamba au viboko haujali kwamba mmekuja kwa nia njema. Kaeni juu, mbali na ukingo.

Wala msitembee juu ya mafungu ya mchanga wakati wa kuzaliana. Ndege wa hapo hutaga moja kwa moja mchangani mayai yenye rangi ya mchanga, na mzazi akifukuzwa, jua kali linaweza kuyaharibu kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyohiyo, msicheze sauti za ndege kwenye simu ili kuwaita karibu, kwani ndege huacha kulisha makinda na kuja kupigana na adui asiyekuwapo.

Darubini ya miguu mitatu si ya lazima. Ina faida pale mto ulipo mpana sana, lakini ni vigumu kuitumia ndani ya gari, na joto likipanda kutoka ardhini, darubini hiyo huikuza mitetemo ya hewa pamoja na ndege. Kwa kuwa hukutaja mna darubini ngapi za mkononi, nasema tu kwamba kila mmoja kuwa na yake ni bora kuliko watatu kupokezana kubwa moja. Za 8x42, yaani zinazokuza mara nane kwa lenzi ya milimita 42, hutulia mkononi kuliko za kukuza mara kumi, na huonyesha eneo pana zaidi, jambo linalomsaidia mtu anayemtafuta ndege akiwa anaruka.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Siku moja au mbili kabla ya kuondoka, ulizeni ofisi ya maji au ya hifadhi ya eneo hilo kuhusu hali ya mto na barabara, na kama kituo kiko kwenye ardhi ya mtu, ombeni ruhusa kwa mwenyewe. Mkiwakuta ndege kadhaa wamekufa au wanayumba ufukweni, msiwaguse. Pigeni picha, andikeni mahali na saa, mkawaarifu maofisa wa wanyamapori au wa mifugo, kwa sababu mafua ya ndege ni miongoni mwa sababu zinazowezekana. Na kama kuna ndege mmoja mnayemtaka hasa, kwa mfano bundi wanaokula samaki, ambao huketi mchana ndani ya miti yenye kivuli kizito na huweza kupitwa na mtu aliye hatua kumi tu chini yao, lipieni mwongozaji wa hapohapo kwa asubuhi moja. Mwambieni mapema, kabla ya kukubaliana bei, kwamba mko na mzee asiyeweza kutembea sana, ili achague mahali ambapo gari linafika.